Muulizeni Akiwa na Pumzi

Ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi huwazoesha ndugu vibaya. Mgonjwa anabanwa na pumzi usiku, miguu imevimba hadi magotini, anakimbizwa hospitali kwa bajaji, anachomwa sindano za kupunguza maji mwilini, anawekewa oksijeni, na baada ya wiki moja anarudi nyumbani akitembea mwenyewe. Miezi michache baadaye inakuwa vilevile, na anarudi tena. Ukifika mwaka wa pili familia imeshajijengea imani kwamba huyu wetu huwa anazidiwa, lakini huamka. Imani hiyo ndiyo inayotuziba midomo. Akiwa wodini tunasema mwacheni kwanza apone. Akitoka tunasema sasa ana nafuu, ya nini kumkumbusha mabaya? Siku zinakwenda hivyo mpaka daktari anamwita mmoja wenu pembeni na kumuuliza kama mgonjwa awekwe kwenye mashine ya kupumulia, na mgonjwa mwenyewe hana tena uwezo wa kujibu.

Nawaandikia ninyi mnaouguza. Neno langu kubwa ni hili: kwa mgonjwa wa moyo, wakati wa kumuuliza anataka mwisho wake uweje ni pale anapokuwa nyumbani, ana nafuu, anakula, anacheka na wajukuu. Ndio wakati ambao sisi hudhani haufai kabisa.

Ugonjwa huu hauendi kama saratani. Mara nyingi kwa saratani ndugu huona mtu akishuka wiki baada ya wiki, na mazungumzo huja yenyewe. Moyo hupanda na kushuka. Kila anapotoka hospitali mgonjwa hurudi na nguvu pungufu kidogo kuliko za mara iliyopita, lakini upungufu huo ni mdogo kiasi kwamba hatuutambui. Zaidi ya hapo, wapo wanaofariki ghafla, mapigo ya moyo yakivurugika usingizini au bafuni, siku ambayo asubuhi yake walikunywa chai vizuri. Kwa hiyo anayesubiri dalili ya wazi kwamba sasa ndio mwisho anaweza asiipate.

Tusidhani pia kwamba haya ni mambo ya vikongwe tu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo hili katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ndani ya siku 180 karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Kwetu, wengi moyo wao umeharibiwa na presha isiyotibiwa kwa miaka mingi. Wengine ni vijana ambao valvu zao ziliharibika utotoni baada ya homa ya baridi yabisi, na wengine ni kina mama waliopata ugonjwa wa misuli ya moyo karibu na kujifungua. Mtu wa miaka 52 ana mtoto kidato cha tatu, ana nyumba iliyofika kwenye lenta, ana mkopo wa kikundi, na pengine ana wazazi hai wanaomtegemea. Asipoulizwa yeye, nani atayajibu hayo?

Najua kinachotuzuia. Ukianza kuuliza, shangazi atakwambia unamchuria mgonjwa. Uchuro ni neno zito, na sitaki kulipuuza, maana nyuma yake kuna mapenzi: watu hawataki kumtamkia mpendwa wao kifo. Lakini mwangalieni huyo mgonjwa mwenyewe. Saa tisa usiku, nyumba nzima imelala, yeye amekaa kitandani ameegemea ukuta, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Mtu aliyepita usiku wa namna hiyo ameshafikiria kifo kabla yenu, na amekifikiria peke yake. Ananyamaza asiwatie hofu, nanyi mnanyamaza msimtie hofu. Swali lenu halimletei wazo jipya. Linampa mtu wa kulibeba naye.

Wala dini zetu hazikutufundisha ukimya huu. Waislamu wanaijua hadithi mashuhuri inayomtaka mtu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa, bila kungoja augue. Wakatoliki wana mpako wa wagonjwa, ambao hautakiwi kusubiri dakika ya mwisho. Na kwa wanaoogopa kwamba kukataa mashine ni kukataa uhai, Papa Pius wa 12 aliwaeleza madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba mtu hafungwi na wajibu wa kutumia njia za tiba zilizovuka kawaida na zenye mzigo mkubwa kwake. Kama jambo hili linakusumbua, mwulize sheikh, padri au mchungaji wako sasa, huku kukiwa na utulivu. Swali hilo ni gumu sana kulijibu mkiwa mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Sasa, nani aulize? Desturi itakwambia ni mtoto wa kwanza wa kiume, au kaka wa mgonjwa. Mimi nasema ni yule ambaye mgonjwa humwambia mambo. Kwa kina mama wengi ni binti anayemwogesha na kumkanda miguu. Kwa kina baba mara nyingi ni rafiki wa siku nyingi, wa msikitini au wa jumuiya, au mdogo wake wa kike. Kwa bibi na babu msimsahau mjukuu mkubwa. Kati ya babu na mjukuu kuna utani, na utani unaruhusu maneno ambayo mtoto wa kuzaa hawezi kumtamkia mzazi wake. Nimemsikia mjukuu akimwambia babu yake, "Babu, ukiondoka hii redio ni yangu, na wewe unataka tukulaze wapi?" Babu alicheka mpaka akakohoa, kisha akajibu swali lote, la redio na la kaburi.

Msianze na kikao cha ukoo. Mgonjwa akiona viti vimepangwa na wajomba wamewasili kutoka mkoani, ataelewa kwamba hukumu imeshatoka. Anzeni wawili au watatu. Chagueni saa: asubuhi haifai kwa anayetumia dawa ya kukojoa, kwa sababu atakuwa anainuka kwenda msalani kila baada ya muda mfupi, na usiku anakuwa amechoka. Alasiri ni nzuri. Mketisheni wima, miguu juu ya kigoda, zimeni televisheni, na nanyi mkae chini, usawa wa macho yake. Mtu anayehema hawezi kusema sentensi ndefu, kwa hiyo ulizeni jambo moja, mwacheni ajibu kwa kipande, apumzike, aendelee. Akichoka, acheni. Kesho ipo, na keshokutwa, na ndiyo maana mnaanza mapema.

Njia nyepesi ya kuingia ni kurudi kwenye tukio lililopita. "Baba, shikamoo. Ule usiku tulipokupeleka hospitali, ulikuwa unawaza nini?" Hapo hujataja kifo. Umemwalika aseme alichokiona. Wengi watajibu kwa upana kuliko ulivyotarajia. Kutoka hapo unaweza kwenda mbele: "Ikitokea tena ukazidiwa kuliko siku ile, ungependa tukufanyie nini? Na kitu gani hutaki kabisa tukufanyie?" Kisha lile ambalo naliona muhimu kuliko yote: "Ukiwa huwezi kusema, nani akusemee kwa daktari?"

Majibu mawili hujirudia sana, na inafaa mjiandae nayo. La kwanza ni "Kumbe mnataka nife?" Msijitetee kwa maneno mengi. Mwambieni: "Hapana baba. Tunataka uwe nasi, na tunataka tusikufanyie jambo ambalo usingelitaka kwa sababu tu hatukukuuliza." La pili ni "Mungu ndiye ajuaye." Hilo pia ni kweli, na lijibiwe kwa heshima: "Ni kweli mama, siku yake anaijua Yeye. Tunakuuliza yale aliyoyaacha mikononi mwetu." Akinyamaza baada ya hapo, mwacheni. Yupo mgonjwa ambaye hataki kuyajua wala kuyazungumza, na hiyo ni haki yake. Kwake swali linabaki moja tu: "Je, ungependa daktari akueleze wewe, au amweleze nani?" Akimtaja mtu, ameshawapa mnachohitaji.

Mama mmoja mjane mtaani kwetu, muuza vitumbua, moyo wake ulikuwa umetanuka, na alishalazwa mara kadhaa. Wanawe walikuwa wamejipanga kumuuliza kuhusu mashine, upasuaji na safari ya India. Binti yake alipomuuliza anaogopa nini, hakutaja lolote kati ya hayo. Alisema anaogopa kufa kwenye benchi la mapokezi akisubiri kitanda. Anaogopa kuvuliwa mtandio mbele ya watu. Na anaogopa ile saa ya usiku pumzi inapokata huku nyumba nzima imelala na hana nguvu ya kuita. Mambo yote matatu yalikuwa na dawa. Mjukuu alihamishiwa chumbani kwake na kengele ya mkononi ikawekwa karibu na mto. Begi la hospitali likapangwa na kanga mbili na mtandio mwepesi, na binti akapewa kazi moja tu, kuhakikisha amefunikwa. Muuguzi wa kliniki akawaeleza wafanye nini kwanza nyumbani kabla ya kukimbilia gari. Mama yule aliishi miezi kadhaa baadaye, na usingizi wake ulirudi kabla hata ya dawa kubadilishwa. Wanawe wasingeyajua hayo kama wangeanza na maswali yao wenyewe.

Hata hivyo maswali ya tiba nayo yana mahali pake, na hapa inabidi daktari awasaidie. Kwanza hakikisheni kwamba kinachotibika kimetibiwa. Moyo kushindwa si hukumu ya kifo kwa kila mtu. Zipo dawa zinazorefusha maisha zikimezwa bila kukatishwa, zipo valvu zinazorekebishwa, zipo betri za moyo, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inafanya upasuaji ambao zamani watu walisafirishwa nje kuufuata. Kuzungumza kuhusu mwisho hakumwondoi mtu kwenye dawa wala kliniki. Mambo haya mawili huenda pamoja.

Kisha mwulizeni daktari swali lisilo la kuzunguka: "Daktari, mgonjwa wetu akifariki ndani ya mwaka huu, utashangaa?" Madaktari wenyewe hulitumia swali hili kujipima, na wengi hulijibu kwa ukweli kuliko wanapoulizwa amebakiza muda gani, swali ambalo hakuna anayeweza kulijibu kwa mgonjwa wa moyo. Zipo pia dalili mnazoweza kuziona ninyi: kulazwa kunakaribiana, presha inashuka mpaka dawa zinapunguzwa, figo zinaanza kuchoka, dawa ya kukojoa inaongezwa na bado maji hayatoki, mwili unakonda huku tumbo na miguu vimevimba, na kuvaa shati tu kunamchosha. Mkiona mengi kati ya haya, msingoje.

Kuna pia suala la kumshtua mtu ambaye moyo wake umesimama: kubonyezwa kifua kwa nguvu, mrija kooni, mashine. Kwa kijana ambaye moyo wake umesimama kwa ajali ya ghafla, kazi hiyo inaweza kuokoa maisha. Kwa mtu ambaye moyo wake umefika mwisho wa nguvu zake mara chache sana humrudisha, na anayerudi mara nyingi hubaki kwenye mashine bila kujitambua. Ndugu wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Mgonjwa akisema hataki, jibu hilo liandikwe kwenye faili lake na daktari wake. Likibaki kichwani mwa mtoto mmoja ambaye siku hiyo yuko safarini, halina faida. Na yeyote aliyepandikizwa kifaa cha kushtua moyo kifuani aulize mapema namna ya kuzima sehemu ya kushtua siku za mwisho zikifika, kwa sababu kifaa kinaweza kumpiga shoti mtu anayekata roho. Betri ya kawaida ya kuendesha mapigo haina shida hiyo.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba kukataa mashine si kuachwa bila tiba. Kuna huduma shufaa, yaani tiba ya kumwondolea mgonjwa mateso na kumshika mkono yeye na familia yake. Kwa kuwa huduma hii ilikua na wagonjwa wa saratani na wa UKIMWI, watu wa moyo hawaiombi, na wahudumu wengi hawawapeleki. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba miongoni mwa watu wazima wanaoihitaji, wenye magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ni asilimia 38.5, na wenye saratani asilimia 34. Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993, na tangu 2004 Uganda imewaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika morfini. Tanzania huduma hizi zipo katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa za mikoani, nyingi za madhehebu ya dini. Ulizeni kliniki yenu. Mhudumu akiwaambia hiyo ni ya saratani, mwambieni hapana, ni ya mgonjwa anayeteseka.

Morfini ya maji huwatisha watu. Wakisikia jina hilo hudhani mgonjwa anamalizwa. Kwa kipimo kidogo kilichoandikwa na anayeijua, hutuliza ile hisia ya kukabwa ambayo wakati mwingine oksijeni imeshindwa kuituliza, na mgonjwa hulala. Dawa ya kupunguza maji haiachwi hata siku za mwisho, maana ndiyo inayompa nafasi ya kuhema. Zinazoweza kuachwa ni zile za kinga ya miaka ijayo, na daktari ndiye wa kuzichagua. Kitu kimoja msimpe kwa mikono yenu: diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa. Huzuia maji yasitoke na kuumiza figo, na nimeona watu wakirudishwa wodini kwa vidonge walivyonunuliwa kwa nia njema ya kupunguza maumivu ya magoti. Usiku wa kubanwa, mwinueni akae, miguu ining'inie, fungueni dirisha, mpepeeni usoni kwa kipepeo au feni ndogo. Upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuifanya kazi hiyo, na kumpa kazi ni bora kuliko kumfukuza chumbani.

Nije kwenye fedha, maana ukimya hapa hugharimu vizazi. Mgonjwa akizidiwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango inaanza, na mtu anapendekeza shamba liuzwe apelekwe nje. Nani amemuuliza mwenye shamba? Wapo wazazi ambao wangesema uzeni, nataka kujaribu. Wapo wengi ambao wangesema shamba lisiguswe, ni la ada za watoto. Yote mawili ni majibu halali. Kosa ni kuamua kwa hofu, au kwa aibu ya kuonekana hamkujitolea. Kabla hamjauza, mwulizeni daktari safari itaongeza nini hasa, halafu mpelekeeni mgonjwa jibu hilo bila kulipunguza. Ongeeni pia kuhusu madeni, anayodai na anayodaiwa, hati ya kiwanja iko wapi, pesa za kikundi, na jina lililoandikwa kwenye mafao. Kama yuko mtoto wa nje ambaye nyumba haimjui, huu ndio wakati wa mgonjwa kulitoa jambo hilo kifuani, kwa mtu mmoja anayemwamini, kuliko mtoto huyo kujitokeza msibani na picha mkononi.

Mirathi iwekwe kwenye maandishi. Tanzania wosia unaweza kuhifadhiwa kwa wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, RITA. Kwa sheria ya mila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Kenya wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini hufa wenyewe kama aliyeusema hakufariki ndani ya miezi mitatu. Kwa mgonjwa wa moyo, ambaye anaweza kuishi miaka baada ya kudhaniwa hafiki kesho, sharti hilo ni mtego. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasio warithi. Iliyobaki ina wenyewe kwa mafungu yanayojulikana. Muhimu mke awepo mnapoandika. Nimechoka kuona wajane wakitolewa nje ya nyumba waliyoijenga kwa sababu kauli ya marehemu aliisikia shemeji peke yake.

Na mahali pa kuzikwa? Wengi hulifanya kuwa jambo la mwisho, ilhali ndilo linalovunja undugu. Kenya haijasahau kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukadai mwili uende Nyalgunga, Siaya, na mashahidi wa upande huo wakasema marehemu aliwaambia vingine. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na Otieno akazikwa tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Huyo alikuwa mwanasheria, na hakuacha maandishi. Somo ninalolitoa hapo ni kwamba matakwa ya mtu yana nguvu kadiri yalivyosikiwa na wale watakaokuwa na sauti msibani. Kumwambia mke peke yake hakutoshi, na kuuambia ukoo peke yake hakutoshi. Baada ya yale mazungumzo ya watu wawili watatu, ndipo wazee waitwe, na mgonjwa aseme mbele yao kwa kinywa chake, hata kama ni sentensi moja.

Msimwache nje mtoto aliye mbali. Mara nyingi yule wa Muscat au wa Minneapolis ndiye anayetuma fedha, ndiye hajaona mgonjwa anavyokonda, na ndiye atakayepiga simu usiku wa mwisho akitaka kila kitu kifanyike. Hana ubaya, anauguza kwa simu, na majuto yake ni makubwa kuliko yenu. Mpigieni kwa video siku ya mazungumzo. Amsikie baba mwenyewe akisema, "Mwanangu, nikifika hapo, niacheni nyumbani."

Nyumbani nako kunahitaji kupangwa. Mgonjwa akichagua kufia kwake, ulizeni mapema ni muuguzi gani atakayepokea simu, dawa zipi ziwepo ndani, nani atalala naye, na mtafanya nini ikiwa hofu itawashinda usiku wa manane. Kubadili mawazo na kumpeleka hospitali si usaliti. Na yeye pia anaweza kubadilika: aliyesema asilazwe tena anaweza kutaka kulazwa akishamwona mjukuu aliyezaliwa. Ndiyo maana kila anaporudi kutoka wodini mnamuuliza upya, mnaandika tarehe, na karatasi inakaa pamoja na kadi ya kliniki.

Kwenu madaktari na wauguzi nina ombi fupi. Msiwaachie ndugu mzigo wa kuanzisha jambo hili. Siku ya kumruhusu mgonjwa, kabla hajapewa karatasi ya dawa, vuteni kiti, kaeni, mwambieni: "Moyo wako umechoka, tutaendelea kuutibu, na kuna siku tutashindwa. Ungependa tuongee kuhusu siku hiyo?" Msiyaseme hayo kwenye korido, wala kwa ndugu peke yao wakati mgonjwa anajitambua.

Kama kwenu kuna mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa mwezi huu na sasa anahema vizuri, kaeni naye wiki hii, alasiri, watu wawili watatu. Mwulizeni anaogopa nini, na nani amsemee. Mkishaandika, siku ya kliniki mpeni daktari nakala aiweke kwenye faili.